Siku tano na treni za mizigo, Mazeras mpaka Athi River

Ijumaa, siku ya kwanza

Nimetoka nyumbani Changamwe saa kumi na moja alfajiri bado giza, begi moja tu mgongoni, kamera na lenzi mbili, ile fupi na ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, 70-300, ambayo ndo hufanya kazi yote, betri tatu, kikoi, maji, na mahamri mama kanifungia yakiwa bado ya moto. Mzee alikuwa ashaamka kwa ajili ya swala, akanisindikiza mpaka mlangoni akasema neno moja tu, "usisahau mkia."

Hii ya mkia nieleze mapema manake itarudi rudi. Mzee wangu alikuwa gadi kwenye reli ya zamani. Gadi ni yule mtu wa behewa la mwisho, dereva yuko mbele na injini yake, gadi yuko nyuma kabisa na bendera mchana na taa usiku, ndo anayejua kama treni yote imefika au kuna behewa limekatika njiani, ndo anayeona ekseli ikianza kutoa moshi. Miaka na miaka amepanda bara na kushuka pwani akiwa anaangalia kule alikotoka. Kwa hivo nikimwonyesha picha ya treni, yeye haulizi injini gani, anauliza ya nyuma iko wapi. Sasa ana magoti mabovu hatoki sana, nkamwahidi nitamletea njia nzima.

Nimeanza Mazeras kwa sababu moja, mlima. Reli mpya, hii tunayoiita SGR, inatoka usawa wa bahari kule Port Reitz, bandarini ndani huwezi kwenda na kamera na wala sikujaribu, lakini ukifika Mazeras treni iko wazi na inapanda, na treni ya makontena ikipanda unaisikia kifuani kabla hujaiona. Watu wengi wanapiga picha Madaraka Express ya abiria, ile iliyoanza tarehe 31 Mei 2017, nami nimeipiga sana, lakini mizigo ilianza Januari 2018 na kwangu mimi hiyo ndo reli yenyewe. Hii njia ya kilomita 472 hivi haikujengwa ili mimi niende Nairobi harusini, imejengwa kwa ajili ya yale makontena.

Nkapata mahali kando ya shamba la minazi, nje ya ua wa waya kabisa, nkaomba ruhusa kwa mama mwenye shamba akaniambia "kaa tu mwanangu, usikanyage muhogo." Nkakaa. Kumi na mbili na nusu, saa moja, kimya. Aliyeiona treni kwanza si mimi, ni mgema. Alikuwa juu ya mnazi na kibuyu chake kiunoni, akapiga kelele kutoka huko juu, "Yaja hiyo, kijana! Yatoka bandarini!" Mimi chini sioni kitu ila migomba. Dakika mbili baadae ndo nkaanza kusikia, kwanza kama lori liko mbali, alafu ardhi yenyewe.

Injini mbili za kichina, aina ya DF8B zote. DF ni kifupi cha Dongfeng, kichina maana yake upepo wa mashariki, na sisi tuliokua na kaskazi na kusi jina kama hilo halitupi shida. Zilikuwa zinakuja polepole, ekseli sita kila moja, nyuma makontena, kijivu, buluu, mekundu, yameandikwa majina ya makampuni ya meli, Maersk, MSC, CMA CGM, mengine yamepandishwa mawili mawili. Nkapiga labda picha arubaini. Na zote za mbele zimetoka nyeusi.

Kosa ni langu na ni kosa la mtu aliyeamka na haraka. Reli hii inakwenda kaskazini magharibi. Asubuhi jua liko nyuma ya treni inayopanda, uso wake wote uko kivulini, unapata umbo la injini na anga nyeupe. Asubuhi unatakiwa upige zile zinazoshuka kutoka Nairobi, jioni ndo upige zinazopanda. Na saa nne mpaka saa tisa jua letu hili liko utosini, weka kamera, kula, lala, kaswali, fanya mambo yako. Mimi nilikwenda Ijumaa msikiti wa pale Mazeras, nkarudi saa tisa na nusu, na ndo nkapata ya kwanza nzuri, inapanda, jua usoni, vumbi la dhahabu chini ya magurudumu.

Ya mkia pia nkapata. Hakuna behewa la gadi siku hizi. Ni behewa la mwisho tu, na kidude kidogo kimefungwa pale kwenye koplingi, kile chuma cha kuunganishia mabehewa. Nkamtumia mzee WhatsApp, akajibu neno moja, "Mpweke."

Jumamosi, siku ya pili

Mariakani sikukaa. Nilishuka, nkapiga stesheni kwa mbali (wameijenga kwa umbo la mnazi, na ile ya Miasenyi huko mbele ina mistari ya punda milia), nkanywa chai, nkapanda matatu nyingine. Foleni ya matrela pale ilikuwa imenitia uchovu kabla ata jua halijapanda.

Mackinnon Road ndo nlitaka. Mtu wa Mombasa anayesafiri bara anaijua Mackinnon kwa msikiti wa Sayyid Baghali Shah, uko kando ya barabara na reli ya zamani iko pale pale, na madereva wengi hawapiti bila kusimama. Wanavyosimulia wazee, Sayyid alikuwa kwenye kazi ya ile reli ya kwanza, iliyoanzia Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, na karai la zege alilobebeshwa lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Mzee anasema kila treni aliyopanda, ikipita hapo, dereva anapiga honi na gadi anasoma Fatiha. Nami nkaingia, nkasoma, nkatoa nilichokuwa nacho, nkanawa uso, kwa mtu aliyefanya kazi ya reli nkaona ni mahali pazuri pa kuanzia siku.

Nje nkakaa kwenye benchi na dereva wa trela, mtu mzima, tanboi wake, yule msaidizi, yuko chini anaangalia tairi. Akaona kamera. "Wapiga nini hapa, ami?" Nkamwambia treni za mizigo. Akanyamaza kidogo, alafu akasema, "Treni moja ikibeba makontena mia, basi hao madereva mia uwapige picha pia, uwaulize wako wapi." Hakusema kwa ubaya. Yeye alikuwa mmoja wa walioandamana Mombasa 2019 wakati mizigo ya Nairobi ilipolazimishwa kwenda na reli, na anakumbuka vizuri Septemba 2022 amri mpya ilipotoka, kazi ya kutoa mizigo irudishwe bandarini Mombasa. Akaniambia vibanda vya chai vilivyokuwa Maungu, Mtito, vilivyofungwa, majina ya akina mama mmoja mmoja na chapati ya nani ilikuwa nzito. Mimi ni mtoto wa reli, siwezi kujifanya sipendi treni, lakini nimesikiliza yote, na tangu hapo kila nikihesabu makontena nahesabu na yale matrela.

SGR yenyewe pale iko mbali kidogo na barabara, nkachukua boda mpaka karibu na tuta. Kichaka cha Taru hicho, miiba na udongo mwekundu. Ndugu wa boda akakataa kuniacha peke yangu, akazima pikipiki akakaa na mimi masaa mawili bure akiniuliza mambo ya lenzi, Mungu ambariki. Ikaja moja inashuka. Ukiwa karibu unaweza kujua bila kuambiwa kama imebeba, manake mizigo mingi inapanda na makontena mengi yanashuka matupu, na matupu yanapiga kelele, yanagonga gonga kwenye zile kufuli za pembeni kama sufuria ndani ya kabati. Yaliyojaa hayasemi kitu, yanapita mazito tu, vuuu. Na hakuna ile taka-taka, taka-taka ya reli ya zamani, hapa vyuma vimechomelewa vikawa kipande kimoja kirefu. Mzee hilo ndo analolikosa zaidi, anasema alikuwa akilala kwa ile taka-taka na ikibadilika anaamka.

Kila kontena lina jina lake ubavuni, herufi nne ya mwisho U, alafu namba saba, MSKU na nini na nini. Nikivuta picha kwenye laptop naweza kuzisoma moja moja. Kuna usiku nakaa nikizisoma tu.

Ya mkia ya hapa imeharibika. Nilikuwa nimejaribu kuifuata treni na kamera kwa shata ya polepole, 1/60 ya sekunde, ili mandhari ya nyuma ichoreke, alafu nkasahau kurudisha, behewa la mwisho likapita nikiwa nimeshtuka, nkageuka nkabonyeza. Imetikisika. Kichaka kimekuwa mistari, behewa limekuwa kivuli chekundu, kidude cha nyuma kimechora kamstari. Sikuifuta manake nilikuwa nimechoka kufuta.

Nimelala Voi, gesti ya karibu na soko, feni inalia.

Jumapili, siku ya tatu

Siku ya Tsavo. Hii nimeipanga miezi.

Nilichokuwa nataka ni picha moja ndani yake mambo matatu, mto, daraja la reli ya zamani, na treni ya mizigo ya SGR juu kule nyuma. Daraja la pale Tsavo ndo lile la hadithi ya simba, 1898, simba wawili wasio na manyoya shingoni waliokula wafanyakazi wa reli kwa miezi tisa mpaka Patterson, injinia wa daraja lile, alipowaua mwezi wa Disemba. Wako makumbusho Chicago mpaka leo, wamekaushwa. Wazee wengi wa reli hawapendi kusimulia hiyo kama hadithi ya kuchekesha, manake waliokufa walikuwa watu wa kazi kama wao, kutoka India na kutoka hapa hapa.

Kuna jambo la kujua kuhusu reli hii nalo limenisaidia kuliko programu yoyote ya simu. Ni njia moja tu, si mbili. Zinapishana stesheni na kwenye zile njia za pembeni. Sasa abiria, yaani treni ya abiria, ana ratiba, asubuhi saa mbili inatoka Mombasa na saa mbili inatoka Nairobi, alafu mchana saa tisa tena hivo hivo kila upande. Mizigo haina ratiba unayoiona wewe, lakini lazima impishe abiria. Kwa hivo unamsubiri abiria. Akishapita, anza kujiandaa, kuna mzigo umejibana mahali ulikuwa unamngoja na sasa taa yake imekuwa kijani. Mara nne kati ya tano nilizojaribu imekuwa hivo.

Nilikaa karibu na barabara, huko ni mbugani, hushuki ukaingia kichakani kwa miguu, wala usithubutu. Akaja askari mmoja akaniuliza nafanya nini, nkamwonyesha picha za Mazeras na za Mackinnon, nkamwambia mzee wangu alikuwa gadi. Akaniambia nisisogelee ua wala nguzo za daraja, nisipige watu walio kazini, na nikiona ndovu niingie kwenye gari la mtu yeyote. Nkamshukuru. Hayo ni masharti mtu anaweza kuishi nayo.

Na ndovu nimewaona. Tuta la SGR limekatiza mbuga, Tsavo Mashariki huku na Magharibi kule, ndo maana wakaacha njia za chini na madaraja marefu, lile la Tsavo ni karibu kilomita mbili. Kama saa nne na nusu wakatoka sita, wekundu wa udongo, mkubwa mbele. Akafika penye kivuli cha daraja akasimama. Akainua mkonga. Alikaa hivo muda mrefu sana, wale wadogo wamejibana nyuma yake, alafu akaingia, wote wakafuata kwa haraka mbio mbio kama watu wanaovuka barabara. Hakukuwa na treni juu wakati huo. Nimeshawahi kumwona mtu akisema wanyama wamezoea, mimi niliyemwona yule mama akinusa zege siwezi kusema amezoea, naweza kusema amepita.

Saa sita, saba, nane. Joto. Kwenye lenzi ndefu joto linainuka kutoka ardhini na kila kitu kinacheza kama kiko ndani ya maji, hata ukiipata treni haitakuwa kali, usijisumbue. Nimekula mahamri ya jana na maji ya moto. Magari yanapita, watu wanapunga. Abiria wa asubuhi walishapita zamani, mizigo miwili imepita mwanga ukiwa mbaya.

Alafu kama saa kumi na robo mwanga ukaanza kushuka, mikoma ya mtoni ikapata rangi, na daraja la zamani likaanza kutoa kivuli kwenye maji. Saa kumi na moja na nusu abiria wa kwenda Nairobi akapita. Nkasimama. Mkono unatetemeka, nakubali. Dakika kama kumi na tano, na ndo hiyo, inapanda, injini mbili, makontena mpaka mwisho wa macho, jua lote liko usoni. Hizi treni zimetengenezwa kubeba mpaka makontena 216 ya futi ishirini, sikuweza kuzihesabu, nilikuwa nabonyeza. Shata ya haraka safari hii, chuma cha zamani chini, kipya juu, mto katikati, na ndege mweupe mmoja ambaye sikumwona mpaka usiku nilipoikuza.

Ya mkia nimepata kali, safi, kila nati inaonekana.

Nimepata lifti ya lori mpaka Mtito Andei, dereva alikuwa anasikiliza taarabu, hatujaongea sana.

Jumatatu, siku ya nne

Mawingu. Kibwezi nimekaa tangu asubuhi mpaka saa saba, zimepita tatu, picha kumi na moja, hakuna hata moja ya kuweka. Mama anayeuza maembe akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Nkamwambia hapana mama, napenda tu. Akanipa embe moja la bure kwa kunihurumia.

Usiku Makindu, hekalu la Masingasinga. Kama hujawahi kulala hapo, nenda. Limekuwepo tangu 1926, lilianzishwa na mafundi wa reli wa Kisikh, na mpaka leo msafiri yeyote anaingia, anavua viatu, anafunika kichwa, anakula bila kulipa. Nkapewa dengu, roti, mboga, wali wa maziwa mtamu, chai. Mzee mmoja aliyekuwa anagawa roti akaniuliza natoka wapi, nkamwambia baba yangu alikuwa gadi, akaweka sinia chini. Akasema babake yeye alikuwa fundi wa injini za moshi Nairobi. Akaniongezea roti mbili bila kuniuliza. Nkampigia mzee simu, wakaongea kwa spika, Kiswahili cha reli kile cha zamani, mataruma, fishpleti, boila, nani alikuwa stesheni masta wapi mwaka gani. Nilikaa pale chai ikapoa.

Usiku nimelala nikisikia mizigo. Nimehesabu tano kabla sijapotea.

Jumanne, siku ya tano

Emali asubuhi, zinazoshuka, jua liko sawa. Kilimanjaro haikutoka. Mbili nzuri, moja imebeba mabehewa ya wazi badala ya makontena, nilifurahi manake unachoka na maboksi.

Athi River ni viwanda, vumbi la simiti, malori, na treni zinapunguza mwendo zikikaribia depo ya makontena ya Embakasi. Hapa ndo safari ya kontena kwa reli inakaribia kuisha na ya trela inaanza upya, nkamkumbuka yule ami wa Mackinnon. Nimepiga kutoka juu ya daraja la barabara, treni inapita chini ya miguu yangu, ukitazama kutoka juu unaona kutu kwenye paa za makontena, madimbwi ya maji ya mvua, kwenye moja kiatu cha mtoto, kimefikaje huko juu Mungu ajua.

Saa tisa nimepanda Express pale Syokimau kurudi, nkalipia kiti cha dirishani. Baada ya Mtito tukaipita moja imesimama njia ya pembeni inatungoja. Kamera iko kwenye begi juu, sikuamka. Dereva wake alikuwa amekaa mlangoni pa injini na kikombe. Makontena, makontena, makontena, alafu lile behewa la mwisho, likapita, giza likaingia.

Nyumbani saa tatu usiku. Mzee hajalala, ameweka miwani. Nkamfungulia laptop nkamwonyesha ya Tsavo kwanza, mto, madaraja, ndege. Akaiangalia, akasema maashallah, imekaa vizuri, akabonyeza inayofuata, na inayofuata, mpaka akafika ile ya Mackinnon iliyotikisika. Hapo akasimama. Akasogeza kiti.

"Hii," akasema. "Ukiwa umekaa kule nyuma, kichaka ndo kinavyoonekana hivi. Nichapie hii, kubwa."

Kesho naenda kuichapa Mwembe Tayari.